Uzi: Mzee wetu wa duka la dawa, Usita wa Mui, Lamu

Mwanzisha uzi

Assalamu alaykum ndugu zangu, na wasiokuwa Waislamu hamjambo.

Wengi mmeshapata habari. Mzee wetu wa duka la dawa pale Usita wa Mui ametangulia mbele ya haki na tumeshamzika. Familia imeomba jina lake lisizungushwe mitandaoni, nami naliheshimu ombi hilo. Nitamwita mzee. Aliyewahi kununua hata tembe mbili za Panadol kati ya Langoni na Mkomani atajua namtaja nani.

Matangani nilisikia maneno mengi mazuri: mkarimu, mpole, mcha Mungu. Yote kweli. Lakini nilikaa nikingoja mtu aseme lile ninaloliona kubwa kuliko yote, na hakuna aliyelisema, ndiyo maana nimefungua uzi. Mzee yule alikuwa akiwanyima watu dawa. Kila siku. Mtu anaingia na pesa mkononi, anatoka nazo vile vile, na mara nyingi anatoka amekasirika. Nilisimama nyuma ya kaunta ile miaka mitatu, kuanzia 2003, kila nikitoka shule. Leo mimi ni muuguzi Mombasa, na sijaona tena mfanyabiashara anayekataa pesa kwa utulivu ule.

Kwa vijana ambao hamkumjua: hakuwa daktari, na ukimwita daktari alikurekebisha papo hapo. Alisomea famasia, akafanya kazi ya serikali hospitalini, kisha akafungua duka lake. Leseni ilikuwa ukutani, huihuisha kila mwaka, na kwenye droo chini yake kulikuwa na nakala ya Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, ile ya 1957, imechakaa kwa kufunuliwafunuliwa. Kabati la dawa kali lilikuwa na kufuli, na ufunguo hakumwachia mtu. Daftari la dawa hizo aliliandika kwa wino, akapiga mstari chini ya kila siku hata kama siku hiyo hakuuza kitu.

Mtu akija akisema "nipe rangi mbili", mzee hutoa kiti. Mnazikumbuka zile kapsuli za rangi mbili. Watu walizimeza kwa kila kitu: mafua, kuhara, kidonda, tumbo la hedhi. "Ndoo (njoo) mwanangu, kaa." Halafu maswali. Mgonjwa ni nani? Ana umri gani? Ana mimba? Ameshameza nini tangu jana? Akisikia ni mtoto, hapo mlango umefungwa, kwa sababu tetrasaiklini humharibia mtoto meno yakaota na rangi ya kahawia isiyotoka maisha. Akisikia ni mafua, humwambia aende akachemshe tangawizi, anywe maji mengi, na arudi ikiwa homa itapita siku tatu. Na akiwa kweli ana haja nayo, basi anunue dozi nzima au asinunue kabisa. Nusu dozi hakuuza, hata kwa jamaa zake.

Halafu zile bahasha ndogo za kaki. Hospitalini na madukani watu huandika 1x3 na kumaliza. Mama zetu wazee wengi walisoma chuoni, wamehitimu Kurani, hati za Kiarabu wanazisoma bila taabu, lakini hati za skuli hawakufundishwa. Mzee akiwaandikia Kiswahili chetu kwa hati za Kiarabu, na saa akizipima kwa sala. Dawa ya mara mbili: Alfajiri na Magharibi. Ya mara tatu: Alfajiri, Adhuhuri, Isha. Nilimuuliza mbona si Alasiri, akaniambia nihesabu mwenyewe. Alasiri na Isha zimekaribiana mno, saa nne tu hivi, ilhali Adhuhuri iko katikati na usiku unabaki na sehemu yake. Alikuwa amelikalia hilo akalifikiri. Ramadhani ikiingia, mwenye cheti cha dawa ya mara tatu alirudishwa kwa daktari na kijibarua cha adabu, akiombwa abadilishiwe apate ya futari na daku.

Nimeandika mengi. Nanyi leteni yenu.

Mchangiaji wa Shela

Innalillahi wainna ilayhi rajiun.

Mimi ni mvuvi. Mwaka nisioukumbuka vizuri nilikanyaga samaki taa kwenye maji madogo, mwiba ukaingia juu ya kifundo. Maumivu yale hayasimuliki. Wenzangu wakanibeba mpaka kwake wakitaka sindano. Mzee hakushika sindano. Alimtuma kijana aje na sufuria ya maji ya moto kutoka mkahawani, akaingiza mkono wake mwenyewe kwanza kupima, akachanganya na ya baridi kidogo, kisha akanitia mguu. Yakipoa anaongeza. Saa nzima na zaidi. Maumivu yakaanza kuteremka kama maji yanayokupwa. Akaniambia sumu ya taa haistahimili joto, ila mwiba ukivunjikia ndani ni kazi ya hospitali, si yake. Akaniandikia niende nikachomwe ya pepopunda.

Nikauliza ni pesa ngapi. Akasema, "Maji ya moto nikuuzie?"

Mchangiaji, mama wa watoto wanne, Langoni

Nani anakumbuka 2004? Homa ile iliyotukunja.

Nyumba yetu tulikuwa saba na saba wote tulilala. Mimi nilikuwa natambaa kwenda chooni, na sikuwa nimefika miaka thelathini. Vidole havikunji, magoti hayakunjuki. Sote tukasema ni malaria. Mume wangu akajikokota mpaka kwa mzee kununua dozi, akauziwa. Haikusaidia. Akarudi. Mara hii mzee akamuuliza, "Damu imesema nini?" Damu ilikuwa safi. Akamnyima. Mume wangu alirudi nyumbani anatukana, Mungu amsamehe, kasema mzee amezeeka na roho imekuwa ngumu. Alipewa Panadol na pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji, basi.

Baadaye ndiyo tukaambiwa ni chikungunya.

Mwanzisha uzi

Mama, umenirudisha mbali. Nilikuwepo dukani miezi ile.

Waliokuwa wadogo wajue ilikuwa kubwa kiasi gani. Watafiti walipopima damu za watu wa mji wetu baada ya mlipuko, walikadiria kuwa asilimia 75 hivi ya watu walikuwa wameambukizwa, watu 13,500 na kitu. Robo tatu ya mji. Kutoka kwetu ikashuka Mombasa. Jina lenyewe ni la Kimakonde, linatokana na kukunjika, kwa sababu ugonjwa ulitambuliwa kwanza kusini mwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Sasa fikirini biashara. Mji mzima una homa, mji mzima unataka dawa ya malaria. Wakati ule bado tulikuwa kwenye Fansidar, maana klorokwini serikali ilishaiacha tangu 1998, na hii mseto ya sasa ilikuwa haijatufikia madukani. Mzee angeuza kila alichokuwa nacho akaagiza kingine Mombasa. Nilimuona akirudisha pesa za watu kumi, kumi na tano kwa asubuhi moja. Hakujua ni ugonjwa gani, na alisema hivyo waziwazi: "Siujui. Najua kwamba malaria siyo." Alikuwa akiwaambia wapumzike, wanywe maji, homa ishushwe, na mwenye malaria ya kweli kwenye kipimo akipata dawa yake akaikuta ipo.

Ilipothibitishwa kuwa ni mbu wa mchana, anayezaa kwenye maji safi ya ndani, mzee aligeuka mtu wa kuhesabu mapipa. Mwaka ule mvua ilikuwa haba na kila nyumba ilikuwa imejaza ndoo na mitungi. Akienda kumzuru mgonjwa, kabla ya kukaa huomba aone maji. Nyumba za mawe zina birika, yaani hodhi la maji, na wazee wetu walikuwa wakiweka visamaki ndani yake ili vipate kula vijiluwiluwi vya mbu. Nyumba nyingi zilikuwa zimeacha. Mzee alibeba visamaki kwenye chupa kubwa ya dawa ya kikohozi, ameisafisha, akawa anavigawa mtaa kwa mtaa.

Mchangiaji mwingine

Nami nitasema langu bila kuficha, maana uzi wa kweli hauwi wa sifa tupu.

Mzee huyu alimnyima mama yangu dawa ya masikio ya mdogo wangu. Usiku, mtoto analia. Alisema sikio linatoa usaha kwa hiyo tone lolote bila kuangaliwa laweza kudhuru, tungoje asubuhi twende hospitali. Tulikesha. Sijasahau kilio kile. Mtu aliyekaa na dawa rafuni na mtoto analia mbele yake, mimi nilimuona mgumu. Hata leo sijui kama nimemsamehe.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, siwezi kukwambia usihisi hivyo. Usiku ule haukuwa wangu.

Nitasema tu ninachokijua kwa kazi yangu. Sikio linalotoa usaha mara nyingi ngoma yake imetoboka, na yako matone ambayo yakipita kwenye tundu lile humuua mtu usikivu. Angewapa Panadol ya maji ya kutuliza maumivu, nadhani, na kama hakuwapa basi hapo alikosea na nitasema alikosea. Hakuwa malaika. Alikuwa na ulimi mfupi akichoka, na watu wa kijiji aliwavumilia kuliko watu wa mjini, hilo nililiona mara nyingi na sikulipenda.

Mchangiaji wa Faza

Sisi wa Pate tulimpenda kwa sababu ya maji.

Hamjui adha ya Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara, nyinyi mnaokaa Amu, Lamu mjini. Maji yakipwa boti hazipiti, mnakaa mnangoja na mgonjwa juu, jua kichwani. Mtu akitoka kwetu asubuhi anaweza kufika gatini magharibi, maduka yamefungwa. Mzee alikuwa anajua bamvua na maji mafu kuliko manahodha wengine. Siku ambayo maji yanachelewa, taa yake inawaka mpaka boti ya Faza itie nanga. Hakuna aliyemuomba.

Na 2014, baada ya yale mashambulizi ya Mpeketoni, tulipowekewa kafyu miezi ile, usiku hakuna kutembea wala kuvuka, yeye aliita kila mwenye presha na kila mwenye sukari kutoka visiwani akampa dawa za miezi miwili. Wasio na pesa aliandika. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Deni tulilimaliza mwaka uliofuata na hakutukumbusha.

Mchangiaji asiyetaka kujulikana

Mimi alininyima bugizi, vile vidonge vya usingizi vya kulevya. Alininyima dawa ya kikohozi yenye kodini. Nilimletea cheti cha kughushi akakisoma, akakikunja, akanirudishia mkononi taratibu watu wasione. Kila siku narudi, kila siku ananinyima, na kila siku ananiuliza kama nimekula.

Kliniki ya methadoni ilipofunguliwa Malindi mwaka 2015 ni yeye aliyenieleza inavyofanya kazi. Kwamba unainywa pale pale kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo si ya kwenda na kurudi Lamu, lazima uhamie. Alinipa nauli ya kivuko mpaka Mokowe na ya basi. Nipo hai. Nina mke na mtoto wa kike.

Mungu amlaze pema.

Mwanzisha uzi

Nimesoma hilo mara tatu. Karibu sana kwenye uzi, ndugu.

Basi nami nitoe langu. Nimelibeba miaka mingi, wanaolijua ni wawili tu waliobaki.

Mwaka 2005. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Sheria ya duka ilikuwa moja: Ami, ndivyo nilivyomwita mzee, akiwa hayupo, hakuna bahasha inayotoka. Alasiri moja alikwenda msikitini, nami nikaona watu wawili wanangoja, nikataka nionekane mtu mzima. Mmoja alikuwa hamali wa gatini anataka Panadol. Wa pili alikuwa bibi wa Matondoni, msukaji wa mikeka, ana cheti cha sukari: glibenklamidi ya miligramu 5, kimoja kwa siku, asubuhi pamoja na chakula. Nilihesabu vidonge vizuri. Nikaandika vizuri. Bahasha nikazipishanisha maandishi. Panadol ikaandikwa kimoja asubuhi. Dawa ya sukari ikaandikwa viwili mara tatu.

Hamali alirudi jioni kuuliza mbona Panadol yake inanywewa kama dawa ya presha. Ami aliisoma ile bahasha. Akaniangalia. "Nyingine amepewa nani?"

Boti ya Matondoni ilikuwa imeshaondoka na maji yameshatoka. Bibi hakuwa na simu. Ami alifunga duka mlango mmoja, akatia sukari nusu kilo na mashine ya kupimia kwenye kikapu, akachukua tochi, akakodi punda kwa jirani. Akaniambia, "Twende. Wewe ndiye utakayemwambia."

Ni mwendo wa saa mbili mashambani, mchanga unazama mguu. Alinipandisha mimi punda nusu ya njia. Hakunigombeza. Hakusema lolote mpaka tukaziona taa za kijiji, hapo akasimama akaniuliza, "Utasemaje?" Nikaanza kulia. Akangoja nimalize, akauliza tena.

Tulimkuta bibi ukumbini, ameegemea ukuta, jasho linamtoka na usiku una upepo. Alikuwa ameshameza viwili, na viwili vya Isha vilikuwa vimewekwa tayari kwenye kisahani cha kahawa mbele yake. Vidonge viwili, kisahani chenye ua la buluu. Mikono ikimtetemeka, anadhani ni uchovu wa njia. Nikasema. Nilisema yote, na jina langu, na kwamba Ami hakuwepo. Mzee wakati huo ameshakoroga sukari kwenye kikombe na anamnywesha.

Bibi alipopata nguvu aliniuliza mimi ni mwana wa nani. Nikamjibu. Akasema anamjua nyanya yangu.

Hatukuondoka. Dawa ile hukaa mwilini muda mrefu, sukari hupanda kwa kikombe cha chai kisha ikashuka tena mtu akiwa usingizini, na hapo ndipo huua. Tulikaa mpaka Alfajiri, Ami akimpima kila baada ya muda, uji, chai, uji. Nami nikawa mkoleza moto.

Sikufukuzwa. Ila kuanzia siku ile bahasha ikishaandikwa, mteja huulizwa: "Haya, niambie wewe, utainywa vipi?" Asipoweza kusema, bahasha inabaki juu ya kaunta. Ninauliza hivyo hivyo wodini mpaka leo, kila mgonjwa anayerudi nyumbani.

Mchangiaji wa Malindi

Allah amrehemu. Sisi wa Malindi hatukumjua ila nimesoma wote. Swali, samahani kama si mahali pake: kuna mtu aliwahi kuniambia huko Lamu kulikuwa na mzee wa duka la dawa akihifadhi insulini kwenye chungu kabla umeme haujatengemaa. Ni yeye? Mamangu anatumia insulini na yuko kijijini, friji hana.

Mwanzisha uzi

Ni yeye, na ndipo mahali pake.

Kabla ya laini ya umeme wa taifa kutufikia kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen, tulikuwa tunategemea jenereta, na ikizimika ilizimika. Mzee alikuwa na friji, na pia alikuwa na chungu, na alichowafundisha wagonjwa wa visiwani ni hiki cha chungu.

Tafuta vyungu viwili vya udongo visivyopakwa rangi, kimoja kiingie ndani ya kingine na nafasi ya vidole vitatu ibaki pande zote. Jaza mchanga kwenye nafasi hiyo. Mimina maji kwenye mchanga mpaka ulowe, asubuhi na jioni, usikauke. Insulini itie kwenye chupa au mfuko usioingia maji, uweke chungu cha ndani, funika kwa kitambaa kibichi. Kiweke kivulini penye upepo, dirishani ni bora, kwa sababu kinachopoza ni maji yanapokauka. Pwani kwetu hewa ina unyevu, kwa hiyo hakitapoa kama friji. Kipimajoto cha bei nafuu ukitie ndani, uone hakipandi juu sana ya nyuzi 25 za Selsiasi.

Chungu hiki ni cha chupa inayotumika, na hiyo imalizwe au itupwe ndani ya wiki nne. Ambazo hazijafunguliwa zinataka baridi ya friji, kati ya 2 na 8, kwa hiyo muombe zahanati ya karibu au jirani mwenye friji amwekee, achukue moja moja. Asiiweke juu ya barafu kamwe. Iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka. Na ile inayotakiwa kuwa angavu kama maji, ikionekana na ukungu asijidunge nayo.

Ukiona vyungu vya ukubwa unaofaa havipatikani sokoni hapo, niambie hapa hapa. Kuna mama anafinyanga, nitamuuliza.